Mwenye Pasi ya Makaa

Watu wa ghala walikubali kuja kwa sharti moja: hakuna atakayeandikwa jina.

Dorca Awuor alilikubali papo hapo, kabla hata ya kumuuliza mkubwa wake, kwa sababu aliona wazi kwamba akisitasita wangeinuka na kwenda zao. Ilikuwa mwaka wa 1993, mwaka mmoja tangu nyumba zichomwe kwenye vilima vya juu ya Muhoroni. Waliofukuzwa huko walikuwa wametawanyika kila upande. Baadhi yao waliishi Kisumu, mtaa wa Obunga, katika ghala la mahindi ambalo kanisa liliwaachia. Dorca naye alikuwa akifanya kazi katika jumba dogo la makumbusho karibu na reli, lililoendeshwa na chama cha hiari. Miaka yote jumba hilo lilionyesha nyavu, vyungu na vigoda, na watoto wa shule walikuwa wakivipita mbio kwenda kununua barafu nje. Sasa alitaka kufanya maonyesho ya vitu ambavyo watu walivibeba siku walipokimbia. Alitaka wenye vitu waamue wenyewe kipi kiwekwe, na maneno gani yaandikwe kando yake.

Wao hawakuona hivyo. Waliona mwanamke mwenye kalamu.

"Hizo picha zikishatoka zinaenda wapi?" aliuliza Nekoye, mama mnene aliyependa kukaa karibu na mlango.

"Zinabaki hapa ukutani, Mama."

"Na mkishafunga mlango, nani anaingia kuziangalia?"

Dorca alisema funguo anazo yeye na Bwana Walter peke yao. Jibu hilo halikumsaidia. Watu walitazamana, kila mmoja akijiuliza Bwana Walter ni nani na anakula na nani.

Walikataa picha. Walikataa kinasa sauti. Walikataa pia neno "wakimbizi" ambalo Dorca alikuwa ameliandika kwa herufi kubwa kwenye kadibodi. Mkimbizi ni mtu wa Uganda au wa Rwanda, walisema. Wao walikuwa na vitambulisho vya Kenya na hawakuvuka mpaka wowote. Dorca aliigeuza kadibodi ile upande wa pili na kuandika walivyomwambia: "Tuliofukuzwa kwetu." Hapo ndipo mtu wa kwanza alipofungua mfuko wake.

Vitu vilitoka kimoja kimoja. Sufuria isiyo na kifuniko. Biblia iliyolowa na kukauka mpaka ikafura. Sare ya shule ya mtoto ambaye sasa hakuwa na shule. Wanyonyi, mume wa Nekoye, alileta pasi ya makaa. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyewahi kukata miwa mashambani kabla ya ghasia. Pasi yenyewe ilikuwa nzito na kuukuu, yenye kijogoo cha chuma cha kufungia kifuniko, na mpini wake haukuwa wa kiwandani. Ulikuwa umechongwa kwa mti mgumu wa rangi ya asali.

"Niandike nini kuhusu hii, Mzee?" Dorca aliuliza.

"Andika niliibeba."

"Kwa nini pasi, si kitu kingine?"

Wanyonyi aliitazama sakafu. "Ndiyo ilikuwa karibu," alisema.

Nyuma kabisa ya chumba, karibu na nyavu za zamani, alisimama mwanamke aliyevaa koti la samawati na kitambaa cheupe kichwani. Dorca alidhani amekuja na watu wa ghala. Watu wa ghala walidhani ni mtu wa Dorca. Hakuleta kitu na hakusema neno. Wakati wengine wakitazama vitu, yeye alitazama nyuso, na mikono.

Alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Kila mara viatu vyake vilikuwa safi, na Obunga hakuna anayefika mjini na viatu safi. Nekoye alikuwa wa kwanza kunong'ona, na baada yake wengine. Wanaume wawili waliacha kuja. Mama mmoja aliichukua Biblia yake akisema anaihitaji kwa ibada, na hakuirudisha.

Bwana Walter Ochieng, mkuu wa jumba, alimwita Dorca ofisini. Alikuwa mtu wa Kombewa, mwalimu mstaafu, na tangu uchaguzi uishe alikuwa amezoea kuongea kwa sauti ya chini hata akiagiza chai.

"Yule mama wa koti ni nani?"

"Sijui, mkubwa. Nilidhani ni wao."

"Si wao. Nimeuliza. Dorca, siku hizi kila mkutano una mtu wake. Wewe unakusanya habari za watu waliochomewa nyumba. Unafikiri hakuna anayetaka kujua nani amesema nini?"

Siku iliyofuata Dorca alimfuata yule mwanamke mpaka kwenye ngazi za nje na kumsalimia kwa heshima. Mwanamke alisema anaitwa Rahab, anaishi Manyatta, na anauza mboga Kibuye. Aliyasema yote haraka, kama mtu aliyeyakariri.

"Una kitu ungependa kutuonyesha, Mama Rahab?"

"Nitaleta kikipatikana."

Dorca alimtazama akivuka reli. Kibuye alipajua vizuri. Mama yake alikuwa ameuza dagaa wa omena pale tangu yeye akiwa mdogo. Mikono ya wauza mboga za sukuma huwa na weusi kwenye kucha ambao sabuni haiutoi. Mikono ya mwanamke huyu haikuwa na weusi huo. Ilikuwa na makovu madogo ya moto, mengi zaidi kwenye mkono wa kushoto.

Uongo wake ulijulikana kwa bahati tu. Dorca alikuwa ametumwa kununua misumari ya kuning'iniza mbao, akaingia katika duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Jubilee. Mwenye duka, Bwana Zacchaeus, alikuwa mfanyabiashara aliyetoka Nyeri miaka mingi iliyopita. Nyuma ya mizani alisimama mwanamke yule yule.

"Wamucii, mpimie madam misumari ya inchi mbili," alisema Zacchaeus bila kuinua macho.

Wamucii aliipima. Alimtazama Dorca mara moja, akaifunga misumari katika gazeti, akaisukuma juu ya meza. Hakujieleza. Dorca naye hakuuliza. Lakini njia nzima ya kurudi alikuwa akigeuka nyuma, na alipofika jumbani alimweleza Bwana Walter kila kitu. Baadaye alitamani angenyamaza, kwa sababu Bwana Walter alikwenda kulieleza ghala zima.

Habari ilienda kama moto wa majani ya miwa. Mwanamke aliyetoa jina la uongo na makazi ya uongo, anayekuja kutazama nyuso za watu: nani angekosa kuelewa huyo ni mtu wa aina gani? Nekoye alimwambia mumewe aende kuichukua pasi kabla haijawaletea balaa. Wengine nao walisema watavichukua vitu vyao kabla ya Jumapili, na maonyesho yatafute watu wengine.

Asubuhi iliyofuata Dorca alifika kazini akakuta mfagiaji ameshafungua milango. Chumba cha maonyesho kilikuwa kimya. Wamucii alikuwa amepiga magoti mbele ya meza, koti lake limekunjwa kando, na pasi iko mikononi mwake. Alikuwa amekifungua kifuniko chake cha chuma na kuingiza pua ndani.

"Iweke chini, tafadhali," alisema Dorca.

Wamucii hakushtuka. Aliifunga pasi taratibu, akaushika mpini kwa mkono wa kushoto na kumnyooshea Dorca aone. Mti ulikuwa umelika upande mmoja tu, na vidole vyake vinne vilikaa katika vishimo vyake kama vimezaliwa humo.

"Shika wewe," alisema. "Shika kwa mkono wako wa kulia."

Dorca alishika. Mpini ulimkataa. Ukingo wake ulimchoma kiganjani.

"Mimi ni wa kushoto," alisema Wamucii. "Ule wa kiwandani uliungua, mume wangu akanichongea huu kwa mutamaiyu, ule mzeituni wa porini. Nilifanya kazi ya dobi Muhoroni, nyuma ya stesheni. Miaka kumi na moja nimepiga pasi mashati ya makarani wa sukari kwa pasi hii. Hii si yake yule mtu mrefu."

"Na kwa nini hukusema, Mama? Kwa nini jina la uongo?"

Wamucii alikaa sakafuni, akaegemea mguu wa meza. Alieleza kwamba wiki ya ghasia alikuwa amekuja Kisumu kwa kaka yake, Zacchaeus, kununua sabuni na makaa. Barabara ikafungwa. Aliporudi na lori lililosindikizwa na askari alikuta majivu na mabati yaliyojikunja. Mumewe, Bildad, hakuwepo. Hakuwa katika hospitali yoyote wala katika chumba chochote cha maiti alichokitembelea. Mwanzoni alikuwa akienda katika kambi za waliofukuzwa na kuuliza kwa sauti, akisema jina lake na la mumewe. Mahali pamoja walimfukuza wakisema ni mpelelezi. Mahali pengine mtu alimpeleka mpaka Maseno kumwona Bildad, na huko hapakuwa na Bildad.

"Nikajifunza kunyamaza," alisema. "Nikasikia kanisani kwamba kuna msichana anakusanya vitu vya watu wa kule. Nikasema, mtu hufa, anapotea, lakini kitu hakipotei, kiko na mtu. Nikikiona, nitamwona na huyo mtu. Na huyo mtu ndiye atakuwa amemuona Bildad mwisho. Sasa niambie. Kama ndiye aliyemuua, nimsalimie kwanza?"

Wakati huo huo viatu vya mpira vilisikika kwenye ngazi, na Wanyonyi akaingia na mfuko mtupu wa gunia.

Alimwona mwanamke sakafuni, akaiona pasi mapajani mwake, akarudi nyuma hatua moja. Dorca baadaye alisema kwamba kama mlango ule ungefungukia nje, si ndani, huenda wasingemwona tena. Lakini Wanyonyi aligonga ubao wa mlango kwa kisigino, akasimama.

"Mimi nimekuja kuchukua kitu changu, madam," alisema. "Kama kuna maneno na serikali, mimi sina maneno."

"Mimi si serikali," alisema Wamucii. "Mimi ni bibi ya Bildad."

Wanyonyi alibaki ameushika mfuko. Kisha akauweka chini polepole.

"Bibi ya Bildad alikuwa Kisumu," alisema.

"Nilikuwa Kisumu. Nani alikuambia?"

"Yeye."

Dorca alivuta kiti, akamwomba aketi. Wanyonyi hakukaa. Alizungumza amesimama karibu na mlango, akimwelekea Dorca, kama vile mwanamke wa sakafuni hakuwepo. Alisema alikuwa akikimbia kufuata reli, kwa sababu barabara ilikuwa mbaya. Nekoye na watoto walikuwa wametangulia na trekta la miwa. Mbele kidogo ya Chemelil alimkuta mtu ameketi kando ya reli, amekatwa begani mpaka karibu na shingo, amepakata pasi.

"Nikamwambia, mzee, tupa hiyo, tutembee. Akakataa. Akasema bibi yake atarudi kutoka Kisumu na lazima akute kitu cha kufanyia kazi. Nikaibeba mimi. Yeye nikamshika huku, pasi huku."

"Endelea," alisema Wamucii.

"Tulitembea mpaka karibu na Kibigori. Kulikuwa na mama mmoja, shamba lake limepakana na reli. Alitupa maji na jembe. Alitupa maji kwanza. Jembe lilikuwa la asubuhi."

Nje treni ya mizigo ilikuwa ikipangwa, mabehewa yakigongana.

"Alikuambia mimi nakaa wapi?" Wamucii aliuliza.

"Duka la shemeji yake, karibu na Jubilee. Aliniambia jina. Zacchaeus."

"Na ukakaa mwaka mzima Obunga."

"Nilienda." Sasa ndipo alipogeuka na kumtazama. "Siku ya pili nikiwa hapa Kisumu nilienda mpaka ng'ambo ya barabara. Nikaona askari wawili mlangoni. Mimi nina damu ya mtu kwenye shati, nina pasi yake mkononi, na kabila langu si lake. Ningesema nini? Ukisema umemzika mtu, wanauliza nani alimuua. Nikarudi."

Wamucii alifunga macho. "Askari walikuja dukani siku moja tu," alisema. "Mimi ndiye niliwaita. Nilitaka waandike kwamba mume wangu amepotea."

Kisha aliyafungua, na sauti yake ikawa kavu. "Na siku ya tatu? Na wiki iliyofuata?"

Wanyonyi alivua kofia yake, akaikunja.

"Bibi yako amekuwa akipigia watu pasi na hii?" Wamucii aliuliza.

"Kidogo kidogo. Hapo ghalani."

"Inamchoma mkono?"

"Analalamika, ndiyo."

Wamucii alitikisa kichwa, akamwambia Dorca kwamba hayo yote ni maneno tu, na maneno amekwisha kupewa mengi. Anataka kuona mahali. Leo, si kesho, kwa sababu mtu huyu akirudi ghalani hatamwona tena. Wanyonyi alisema yuko tayari, ila lazima Bwana Walter aende nao, kwa maana hawezi kukutwa porini na mjane wa mtu aliyemzika. Hivyo ndivyo walivyoondoka wanne katika pikapu ya Bwana Walter: yeye akiendesha, Wamucii mbele kando yake, pasi mapajani mwake, Dorca na Wanyonyi nyuma. Njiani malori ya miwa yaliwamwagia vumbi. Dorca alijikuta akipanga moyoni la kufanya ikiwa wangefika na kukuta shamba tupu.

Mwenye shamba karibu na Kibigori aliitwa Aoko. Alikuwa akipalilia alipowaona, na hata kabla hawajashuka alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa. Bwana Walter alimsalimia kwa Kijaluo na kumweleza. Aoko alisema hakuna mtu aliyepita hapa. Yeye ni mjane, hajui mambo ya watu, na kama wametoka ofisi ya mkuu wa wilaya warudi huko.

Bwana Walter alimgeukia Wanyonyi kwa macho ya hakimu. Ni Wamucii aliyesogea, akapita katikati ya mistari ya mahindi na pasi yake, akaiinua mbele ya uso wa Aoko.

Aoko aliitazama pasi. Akamtazama mwanamke aliyeishika. Kisha alimtazama Wanyonyi kwa mara ya kwanza, kwa kweli, kama mtu anayejaribu kuuona uso wake bila ndevu za sasa.

"Umekonda," alimwambia.

Kaburi lilikuwa chini ya tuta la reli, mahali ambapo ardhi haikuwa ya mtu. Aoko alikuwa amezungushia mawe ili mbuzi wasikae juu yake. Alisema yule mgonjwa aliomba maji mara nyingi, akaongea lugha ambayo hakuifahamu, na kwamba huyu mrefu alimshika kichwa mpaka mwisho. Baada ya hapo yeye mwenyewe aliogopa, kwa sababu watu walianza kuuliza nani alimpitisha nani, na akaamua kwamba hakuona kitu.

Wamucii aliketi kando ya mawe yale kwa muda mrefu. Hakulia mbele yao. Alimwomba Aoko amwonyeshe upande wa kichwa, akaonyeshwa, akasogea akakaa hapo. Wanyonyi alisimama mbali, kofia mkononi. Alipoinuka, Wamucii alimpita bila kumgusa, lakini alipofika kwenye pikapu aligeuka na kumwambia, "Asante kwa kumzika." Wanyonyi alisema, "Ndiyo, Mama," na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya siku hiyo.

Kumhamisha Bildad kungehitaji vibali na maswali, na Wamucii hakutaka maswali tena. Kasisi alikwenda kuomba juu ya kaburi, na Aoko alipewa mbegu za maua ambazo hakuzitaka lakini akazipanda.

Maonyesho yalifunguliwa mwezi wa Agosti. Watu wa ghala walirudi, si wote. Wamucii alikubali pasi iwekwe mezani, ila alikaa na Dorca siku nzima kupanga maneno, na Wanyonyi aliitwa kuyasikia kabla hayajaandikwa. Walibishana kuhusu neno moja. Wamucii alitaka iandikwe kwamba pasi "ilikaa" kwa mtu mwingine mwaka mmoja. Wanyonyi alitaka "ilitunzwa". Mwishowe Dorca aliandika kwamba ilibebwa na wawili, na kila mmoja aliondoka na uso wa mtu aliyepunjwa. Siku ya ufunguzi wanaume wawili wasiojulikana walisoma kila karatasi ukutani kwa makini, wakatoka bila kunywa soda. Hakuna aliyewahi kujua walikuwa nani. Wiki hiyo Nekoye alianza kulala na mizigo yake imefungwa, na mvua za vuli zilipoanza, yeye na Wanyonyi walikuwa wamekwenda zao upande wa Bungoma bila kumuaga mtu.

Maonyesho yalipokwisha, Wamucii aliichukua pasi yake. Aliweka meza kwenye baraza la duka la kaka yake na kuanza tena kazi. Dorca alikuwa mmoja wa wateja wa kwanza. Siku moja, akimngojea amalize sketi yake, alimuuliza kama anamwamini Wanyonyi.

Wamucii alipuliza makaa kupitia matundu ya pembeni, majivu yakaruka.

"Kuhusu kaburi, namwamini. Yule mama aliona." Aliishusha pasi juu ya kitambaa, akaipitisha polepole. "Kuhusu askari mlangoni, namwamini pia. Lakini mlango wetu ulikuwa wazi mwaka mzima, Dorca. Kila siku nikilala najaribu kumwona mtu amesimama ng'ambo ya barabara, ananitazama napima misumari, halafu anarudi nyumbani kwake. Siku nyingine namwonea huruma. Siku nyingine nataka kwenda Bungoma nimuulize tena."

Aliigeuza sketi upande wa pili, akainyoosha kwa kiganja.

"Hii ina doa la wino hapa chini," alisema. "Ungeniambia mapema."